Nyama ni Damu Iliyopikwa: Ayurveda na Tiba ya Kiswahili Zinapokutana Mji wa Kale

Damu ikipata moto wa kuitosha hugeuka nyama. Ndivyo wanavyofundisha mabingwa wa Ayurveda, tiba kongwe ya Bara Hindi, na hawasemi kwa mafumbo. Kwao, chakula kikishasagika tumboni hutoa utomvu laini uitwao rasa. Rasa hupikwa ikawa rakta, yaani damu. Damu nayo hupikwa ikawa mamsa: nyama ya mwili, misuli tunayosimamia, tunayobebea na tunayotembelea. Safari haiishii hapo. Mamsa huzaa mafuta, mafuta huzaa mfupa, mfupa huzaa uboho, na uboho huzaa mbegu ya uzazi. Tabaka hizo saba huitwa dhatu, na kila moja ina moto wake, agni, unaoipika ile iliyoitangulia.

Wanazuoni wenyewe walibishana kuhusu njia inayopitwa na lishe hiyo. Wapo walioshikilia kwamba tabaka moja hugeuka zimazima likawa jingine. Wengine walisema rasa hupita kwenye mifereji kama maji ya shambani, ikinywesha jaruba la karibu kwanza, kisha la mbali, na la mwisho likangoja zamu yake. Sushruta, ambaye jina lake limebebwa na kitabu kikuu cha upasuaji cha tiba hiyo, anataja hata muda: rasa hukaa takriban siku tano katika kila tabaka, na mwezi ukitimia imekwisha kufika kwenye mbegu. Kwa hesabu yake, wali na mchuzi wa leo utakuwa msuli baada ya siku kumi hivi.

Mtu mzima wa Kibokoni au Ndia Kuu, katika Mji wa Kale wa Mombasa, akielezwa hayo hatashtuka. Majina tu ndiyo yatakayokuwa mageni. Tiba aliyolelewa nayo yeye ni ya moto na baridi, ukavu na unyevu. Ya damu, balghamu, safura na sauda. Ilifika pwani kwa vitabu na ndimi za Waarabu na Waajemi, na mizizi yake iko Uyunani. Mwanaanthropolojia wa Marekani Marc Swartz, aliyekaa na Waswahili wa Mombasa na kuwaandikia kitabu kilichotoka mwaka 1991, The Way the World Is, aliikuta hai katika mazungumzo ya nyumbani na kwa matabibu: afya ni mizani ya sifa hizo nne, na ugonjwa ni mizani iliyoinama.

Ndani ya tiba hiyo ya Kiyunani iko kauli inayokaribia sana ile ya Wahindi. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, anasema katika Al-Qanun fi al-Tibb kwamba nyama huumbika kutokana na sehemu nzito ya damu, ikagandishwa na joto na ukavu, na kwamba mafuta hutokana na sehemu yake ya majimaji, yakagandishwa na baridi. Damu na moto, kisha nyama. Sidai kwamba mmoja alimwibia mwenziwe, kwa sababu Wayunani nao walikuwa na fikra hiyo kabla ya Ibn Sina. Lakini wenye tiba hizo mbili hawakuwa wageni kwa wageni. Zama za Bani Abbasi, chini ya mawaziri wa ukoo wa Barmaki, tabibu wa Kihindi aliyejulikana kwa jina la Manka alishughulika na kukifasiri kitabu cha Sushruta kwa Kiarabu huko Baghdad, na mnamo mwaka 850 Ali ibn Rabban al-Tabari alimalizia Firdaws al-Hikma yake kwa sehemu nzima inayoeleza tiba ya Wahindi. Kwa hiyo elimu hizi mbili zilikuwa zimekwisha kuamkiana kabla hazijapanda jahazi kuja huku kwetu.

Na majahazi yalikuja. Mreno Duarte Barbosa, mwanzoni mwa karne ya 16, alikwisha kuitaja Mombasa kuwa bandari yenye vyombo vya Cambay, katika Gujarati. Kaskazi iliwaleta mabaharia na wafanyabiashara wa Kachchh, na kusi ikawarudisha, ingawa wengine hawakurudi. Ukitembea leo kutoka Fort Jesus kuingia ndani ya Mji wa Kale, roshani za mbao zilizochongwa juu ya kichwa chako zinakueleza ni nani waliojenga hapo: Waswahili, Waarabu, Wabohora, Wabhadala, na Wahindi wa kila dini. Pembeni mwa mji, katika Barabara ya Langoni, limesimama hekalu jeupe la Wajaini lililofunguliwa mwaka 1963. Wajaini wengi wa Kenya ni Waoshwali, na asili yao ni vijiji 52 vilivyozunguka Jamnagar. Jamnagar ndiyo makao ya chuo kikuu cha Ayurveda cha Gujarati, kilichoanza mwaka 1967, na huko huko Shirika la Afya Duniani liliamua mwaka 2022 kuweka kituo chake cha kimataifa cha tiba asilia. Kwa hiyo Mombasa haikupokea Ayurveda kwa redio ya mbali. Sehemu ya watu wake wametoka pale pale inapofundishwa.

Turudi kwenye mamsa, maana jambo lenyewe lina utajiri kuliko wengi tunavyodhani. Kazi yake ya kwanza ni kuikandika mifupa, kuifunika na kuishikanisha, mwili upate umbo. Katika elementi tano za Kihindi ina udongo mwingi, ndiyo maana ina uzito na uthabiti. Kutokana nayo hutokea pia matabaka ya ngozi, sita kwa hesabu ya Charaka, bingwa mwingine wa tiba hiyo, na saba kwa Sushruta, pamoja na mafuta yaliyofungamana na nyama. Kila moto ukipika hubakisha masazo, na masazo ya moto wa mamsa ni uchafu unaotoka kwenye matundu ya mwili, kama ule wa masikioni na puani.

Sushruta hakukisia. Kitabu chake kinaeleza namna ya kuusoma mwili: maiti isiyo na kasoro hufungwa kwa majani, huwekwa ndani ya tundu na kuzamishwa mahali pa siri katika mto uendao polepole. Baada ya siku saba hutolewa, na mwanafunzi huikwangua taratibu kwa brashi za nyasi na mwanzi, akitazama kwa macho yake kila kinachojitokeza, kuanzia ngozi hadi ndani kabisa. Kwa njia hiyo ilihesabiwa misuli 500: 400 katika mikono na miguu, 66 kiwiliwilini, 34 shingoni na kichwani. Mwanamke ameongezewa 20, kumi kati yake ikiwa ya matiti. Wataalamu wa leo wanahesabu zaidi ya 600, na namna yao ya kugawanya ni tofauti. Lakini fikiria mtu wa zaidi ya miaka elfu moja na nusu iliyopita, bila darubini, ameinama juu ya maiti iliyolainishwa na maji, akihesabu. Mimi humheshimu sana mtu huyo.

Dalili za mamsa iliyopungua zimeandikwa kwa jicho la muuguzi: makalio yaliyokauka, mashavu yaliyobonyea, midomo iliyosinyaa, mapaja na mashavu ya miguu yaliyokwisha, mwili mkavu, viungo vinavyouma na kuchoka. Ikizidi, mashavu na mapaja hufura na mwili ukawa mzito. Yeyote aliyemuuguza mgonjwa wa kifua kikuu, au aliyemwona jamaa akikongoroka mbele ya macho yake, anaitambua orodha ya kwanza bila kufundishwa.

Dawa ya upungufu huo inaanzia kwenye kanuni iliyo wazi: kitu huongezwa na mfano wake. Damu huongezwa na damu, mafuta kwa mafuta, na mamsa, kwa maneno ya Charaka, haina kinachoilisha kushinda nyama. Kwa mgonjwa aliyeliwa na ugonjwa wa kukonda, Charaka anakwenda mbali zaidi. Anaagiza nyama ya wanyama wanaokula nyama, kwa kuwa hiyo ndiyo iliyokolea. Na kwa kuwa anajua mgonjwa atachefuka, anaagiza apewe kwa jina jingine: kunguru aitwe kwale, nyoka apikwe kama samaki, nyungunyungu wakaangwe na kuitwa matumbo ya samaki. (Kunguru hao wanaotusumbua Mombasa nao ni wa Kihindi, waliletwa Zanzibar miaka ya 1890 na wakasambaa pwani nzima. Namshukuru Mungu kwamba agizo hilo halikuletwa pamoja nao.)

Hapo ndipo pana fundo. Mjaini hali nyama, na Wahindu wengi wa Gujarati vilevile. Inakuwaje basi tiba inayosema nyama ndiyo mama wa nyama iwe tiba ya watu wasioigusa? Jibu liko kwenye kanuni hiyo hiyo, ikisomwa kwa makini. Mfano hautafutwi kwenye jina wala umbo peke yake. Kitu kinaweza kuwa si nyama lakini kikawa na sifa za nyama: uzito, mafuta, uthabiti, utamu. Ndiyo maana jikoni kwa Wahindi wa Mombasa hazikosekani zile kunde ndogo nyeusi wanazoziita urad, ambazo Ayurveda inazisifu kwa kujenga mwili, pamoja na maziwa, samli na ufuta. Mkemia wa leo akiulizwa atasema kunde hizo zina protini kiasi cha robo ya uzito wake zikiwa kavu. Njia mbili tofauti za kufikiri, na zimeishia kwenye sufuria moja.

Lakini kanuni ya mfano haitembei peke yake, na hapa ndipo watu wengi wanapoiacha Ayurveda njiani wakachukua nusu yake. Kabla ya nyama pana moto. Mtu anaweza kupewa mbuzi mzima. Kama agni yake imefifia, chakula hakitapikwa hadi kikawa damu, na damu haitapikwa hadi ikawa mamsa. Kitakachobaki ni uzito tumboni na ulegevu mwilini. Kwa hiyo tabibu huanza kwa kuuchochea moto: tangawizi kavu, pilipili manga na pilipili ndefu zilizosagwa pamoja ni dawa ya zamani sana ya kazi hiyo. Nenda Marikiti, soko la viungo lililofunguliwa mwaka 1914 kwa jina la Mackinnon, uzitazame meza zile. Karibu kila kinachouzwa pale kwa ajili ya pilau na mchuzi kina kazi ya moto. Mswahili hali pilau ya nyama bila pilipili manga, mdalasini na bizari nyembamba, na baada yake halali bila kahawa ya tangawizi. Ukimuuliza kwa nini, atakwambia nyama ni nzito na inataka kitu cha kuichangamsha.

Hakuna mahali ambapo tiba hizi mbili zinafanana kama kwenye arobaini ya mzazi. Mwanamke aliyejifungua amepoteza damu. Kwa Mswahili amepoa na anaingiwa na baridi; kwa Ayurveda, upepo, vata, umeingia mahali palipobaki patupu. Pande zote mbili zinakataa kumwacha hivyo. Katika nyumba ya Kigujarati atapikiwa katlu, vipande vitamu vya samli, sukari guru, tangawizi kavu, gundi ya mgunga iliyokaangwa na mchanganyiko wa viungo ambao kwa desturi hufika 32. Katika nyumba ya Kiswahili, ukuta wa pili tu, atanyweshwa uji wa pilipili manga, atalishwa supu ya kuku na mchuzi wenye viungo vikali, atakandwa kwa maji ya moto na tumbo lake kufungwa mkaja. Hakuna aliyemfundisha mwenziwe kwa kitabu. Ni majirani waliokopeshana chumvi kwa vizazi.

Na mikono ya mkandaji? Hili nalo lina maelezo yake. Charaka anasema mizizi ya mifereji inayobeba mamsa ni ngozi na mishipa ya viungo. Basi mafuta ya ufuta yenye uvuguvugu yakisuguliwa kwenye ngozi yanakwenda moja kwa moja kwenye mzizi wa nyama. Abhyanga, ukandaji wa mafuta, ni jambo la kila siku katika maandiko hayo, si anasa ya hotelini. Bibi wa Kiswahili anayemlaza mtoto mchanga kwenye miguu yake iliyonyooshwa, akamkanda kwa mafuta ya nazi au ya simsim, akamnyoosha mkono na mguu, hajui neno abhyanga na halihitaji. Anataka mtoto akaze.

Sayansi imemuunga mkono kiasi. Mwaka 1986 Tiffany Field na wenzake walichapisha utafiti wao wa Marekani juu ya watoto njiti: waliokandwa na kunyooshwa viungo mara tatu kwa siku, kwa siku 10, waliongezeka uzito kwa asilimia 47 zaidi ya wenzao, ingawa maziwa waliyopewa yalikuwa sawa. Kwa mtu mzima hali ni nyingine. Ukandaji hupunguza maumivu ya misuli na huleta usingizi, lakini haujengi msuli mpya. Mkandaji anayemwahidi mzee kwamba atamrudishia paja lake kwa mafuta peke yake anamwahidi kisichowezekana, hata kama mikono yake ni ya baraka.

Nina wasiwasi na upande mwingine wa biashara hii. Vijana wa mjini wanaoinua vyuma sasa wanameza ashwagandha kwenye vidonge, wakiamini ni mamsa iliyotiwa kwenye chupa. Mmea wenyewe si mgeni, unaota Kenya bila kupandwa na mtu. Na si uzushi mtupu: mwaka 2015 utafiti mmoja wa India uliwafuata wanaume 57 kwa wiki nane, na waliopewa miligramu 300 za dondoo ya mizizi yake mara mbili kwa siku, huku wakifanya mazoezi, walipata nguvu na msuli zaidi kuliko waliopewa kidonge kitupu. Lakini watu 57 ni wachache, na wote walikuwa wakifanya mazoezi. Tangu hapo zimeripotiwa kesi za ini kudhurika kwa waliomeza dawa hiyo, na Denmaki iliipiga marufuku mwaka 2023. Kibaya zaidi ni madini. Robert Saper na wenzake walinunua dawa 70 za Ayurveda katika maduka ya eneo la Boston, wakazipima, na matokeo yao ya mwaka 2004 yalionyesha kwamba 14 kati yake zilikuwa na risasi, zebaki au aseniki. Lipo tawi la Ayurveda linalotumia madini yaliyochomwa kwa makusudi, na walio ndani yake husisitiza kwamba yakitayarishwa ipasavyo hayana sumu. Mimi siwezi kumwambia mama yeyote wa Mji wa Kale ampe mwanawe unga usio na jina la mtengenezaji kwa kutegemea kauli hiyo. Atafute chupa iliyosajiliwa na Bodi ya Dawa na Sumu, na kama haipo, kunde na maziwa vipo sokoni kila siku.

Anayehitaji fikra ya mamsa kuliko kijana wa vyuma ni nyanyake aliye ghorofani. Msuli huchukua takriban asilimia 40 ya uzito wa mtu mzima, na baada ya miaka 30 huanza kuyeyuka polepole, kisha kwa kasi baada ya 60. Nyumba za Mji wa Kale zina ngazi za mbao zilizo nyembamba na zenye mwinuko mkali. Mzee asiyeweza kuzishuka hufungiwa juu, na akifungiwa juu msuli unayeyuka upesi zaidi. Tunampenda, kwa hiyo tunampelekea kila kitu kitandani: chai, mkate, wali laini usio na kitoweo cha maana kwa kuwa meno hayapo. Kwa lugha ya Ayurveda tumeuzima moto wake na papo hapo tumemnyima kuni. Daktari atasema maneno mengine yenye maana hiyo: protini haba, na mwili usiotumika.

Moto huo hauwashwi kwa pilipili manga peke yake. Sushruta anaandika kwamba mazoezi huuchochea agni, huukaza mwili na kuugawa vizuri, na hata uzee haumvamii ghafla anayeyafanya. Maneno hayo niliyachukulia kuwa sifa za kawaida za kitabu cha kale hadi niliposoma utafiti wa Maria Fiatarone, uliochapishwa mwaka 1990. Aliwachukua wazee 10 dhaifu wa umri wa miaka 90 hivi katika nyumba ya kulelea wazee mjini Boston, akawapa vyuma vya kuinua kwa miguu kwa wiki nane. Tisa walimaliza. Nguvu za miguu yao zilipanda kwa wastani wa asilimia 174, msuli wa paja uliongezeka kwa asilimia 9, na wawili waliweka chini bakora walizokuwa wakitembelea.

Ngazi ya nyumbani inatosha kuwa chuma cha kuanzia, mtu wa familia akiwa nyuma yake na mkono wake ukiwa tayari. Kipimo Sushruta amekwisha kukiweka: fanya hadi nusu ya nguvu zako, na utaijua nusu hiyo jasho litakapotokea kwenye paji la uso na kwapani na pumzi ikaanza kutoka kwa mdomo. Aliyetoka kula muda huo huo asianze, wala mwenye kizunguzungu, wala anayekohoa na kukosa pumzi. Anayejitakia heri, asema, afanye kila siku.